Tazama Kiuno Kwanza: Namna Ninavyowatofautisha Vipanga wa Kijivu

Mwaka 2013, nilipokuwa sijamaliza hata miaka miwili katika kazi ya kuongoza watazamaji wa ndege kaskazini mwa Tanzania, niliandika katika daftari langu kwamba nimemwona kipanga gabari mara kumi na tisa katika safari sita. Niliifurahia idadi hiyo mpaka jioni moja, tukiwa kambini Mkomazi, kaka mmoja aliyenitangulia sana katika kazi alipoomba alipitie daftari lile kwa mwanga wa taa. Alisoma kurasa kadhaa kimya, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, huyu wa asubuhi, kiuno chake kilikuwaje?" Nikamjibu kwamba ndege alikuwa wa kijivu, mdogo, mwenye milia tumboni. "Hayo nimeyasoma, umeyaandika vizuri," akasema. "Nimekuuliza kiuno."

Sikuwa na jibu. Tulikaa mpaka taa ikaanza kufifia tukimpitia ndege mmoja baada ya mwingine, na kati ya wale kumi na tisa ni wawili tu ambao niliweza kuwatetea. Wengine huenda walikuwa shikra, huenda walikuwa gabari kweli, na mmoja, kwa maelezo niliyokuwa nimeyaandika mwenyewe, alikuwa ndege mwingine kabisa. Niliumia, kwa sababu nilikuwa tayari nimewapa wageni majina yale kwa sauti ya mtu anayejua, na wao wameondoka nayo makwao.

Makala hii ni kwa ajili ya yeyote anayeanza kushika darubini na kukutana na tatizo lile lile: vipanga wadogo wa kijivu wa nyika na mashamba yetu, ambao kwa mbali wanafanana kama watoto wa tumbo moja. Nitawazungumzia zaidi watatu, yaani shikra, gabari na kipanga mla mijusi, kisha nitawagusa wengine ambao huingia katika mkanganyiko huo huo. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja nao ndio huo niliofundishwa kambini: amua mapema utatazama sehemu gani ya mwili na kwa mpangilio gani, maana ndege hatakusubiri uamue mbele yake.

Kwanza niseme neno kuhusu majina. Lugha yetu inayo mengi: mwewe, kipanga, kozi, kengewa, shakivale. Tatizo ni kwamba majina hayo huhama kutoka ndege mmoja hadi mwingine kutegemea umesimama wapi na unazungumza na nani. Kwetu Muheza, kila ndege mwenye mdomo wa ndoano anayepita juu ya ua wenye vifaranga ni mwewe, basi. Mimi jina la mwewe nimelibakiza kwa yule mwenye mkia wa panda anayeupindapinda hewani kama usukani, ambaye kila mtu amewahi kumwona akizunguka juu ya machinjio na majalala. Hawa wadogo wa kijivu, wenye mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, nawaita vipanga. Shikra na gabari ni majina yanayotumika duniani kote, nami nayatumia kama yalivyo. Kwa wale ambao sijapata kusikia jina lao mahususi la Kiswahili, natumia maelezo ya kawaida yanayoeleweka na kila mtu.

Sasa tuje kwenye rangi ya kijivu yenyewe. Kijivu ni rangi inayotii mwanga. Kipanga yule yule anayeonekana wa bluu-kijivu saa moja asubuhi katika kivuli cha mgunga, ukimkuta saa sita mchana juani ataonekana karibu mweupe, na jioni, vumbi jekundu la Mkomazi likiwa hewani, utaapa kwamba ana hudhurungi mgongoni. Watatu wote ni wa kijivu juu na wote wana milia tumboni, kwa hiyo ukiandika "kijivu, milia tumboni" hujaandika kitu kinachomtenga mmoja na wenzake. Ukubwa nao haukusaidii kama unavyotarajia. Miongoni mwa vipanga jike ni mkubwa kuliko dume, wakati mwingine kwa tofauti inayoonekana wazi, na kwa sababu hiyo shikra jike na gabari dume hukaribiana sana, hasa ndege akiwa peke yake kwenye tawi bila kitu cha kumlinganisha naye. Mimi nimeacha kabisa kuanza na ukubwa. Nauandika mwishoni, na kwa kulinganisha na njiwa au tetere, kamwe si kwa sentimita nilizozikisia kwa macho.

Kwa nini basi kiuno? Kwa kiuno nina maana ya ile sehemu ya mgongo iliyo juu tu ya shina la mkia. Sababu ya kwanza ni tabia ya ndege wenyewe. Kipanga aliyetulia kando ya barabara huondoka mara gari linapopunguza mwendo, na akiondoka anakupa mgongo. Hizo sekunde tatu au nne za kuondoka, ambazo wengi huzipoteza kwa kusikitika kwamba ndege amekimbia, ndizo zenye habari nyingi kuliko dakika nzima ya kumtazama kifuani kupitia majani. Sababu ya pili ni kwamba tofauti ya kiuno ni ya nyeupe na isiyo nyeupe, na hiyo haipotezwi kirahisi na mwanga.

Gabari, ambaye wanasayansi wanamwita Micronisus gabar, ana kiuno cheupe safi. Akiruka kutoka kwenye kichaka na kupita chini kwa chini, unaona mkanda mweupe kati ya mgongo wa kijivu na mkia wenye mapingili meusi na ya kijivu, kana kwamba mtu amemfunga kitambaa. Shikra hana weupe huo: kijivu cha mgongo kinateremka moja kwa moja hadi mkiani, na kwa shikra mkubwa manyoya ya katikati ya mkia hayana mapingili, hivyo mkia ukiwa umefungwa unaonekana mtupu kutoka juu. Ukishawaona hao wawili vizuri mara tano au sita, jicho linazoea, na utashangaa uliwezaje kuwachanganya.

Mla mijusi ndiye anayekuja kuvuruga utaratibu huu, kwa sababu naye ana kiuno cheupe. Hapo ndipo jicho linatakiwa kushuka hatua moja zaidi, hadi mkiani. Mkia wake ni mweusi na katikati yake umekatwa na mkanda mmoja mpana mweupe, mara chache miwili. Weupe wa kiuno, weusi, weupe wa mkanda, weusi tena: mpangilio huo ukiuona ndege akiondoka, huhitaji kitu kingine chochote. Mruko wake pia ni tofauti. Huanguka kutoka alipotua, huenda chini karibu na ardhi kwa mawimbi, kisha hupanda ghafla kwenda kutua kwenye tawi jingine, ilhali gabari na shikra hupiga mabawa haraka haraka, huteleza kidogo, kisha hupiga tena.

Ndege akikupa uso badala ya mgongo, tazama vitu vitatu: jicho, miguu, na ile ngozi tupu iliyo kwenye shina la mdomo, mahali penye tundu za pua. Kwa shikra mkubwa ngozi hiyo ni ya manjano na miguu ni ya manjano, lakini jicho ni jekundu, jekundu zaidi kwa dume na lenye kuelekea rangi ya chungwa kwa jike. Kwa gabari mkubwa mambo ni kinyume: ngozi ya puani ni nyekundu, miguu ni myekundu, na jicho ni la giza, hudhurungi yenye wekundu ndani yake ambayo kwa mbali huonekana nyeusi tu. Kwa hiyo mimi hujiambia kwamba shikra wekundu wake uko machoni, na gabari wekundu wake uko puani na miguuni. Wanafunzi wangu huwa nawafundisha sentensi hiyo siku ya kwanza kabla hawajafungua darubini zao.

Kifua nacho kinasaidia sana, maadamu huridhiki na neno "milia". Milia ya shikra ni myembamba, ya hudhurungi yenye uwaridi, na huanza juu kabisa kifuani hadi tumboni, kwa hiyo sehemu yote ya mbele huonekana ina joto fulani la rangi. Gabari ana koo na kifua cha kijivu kitupu, na milia huanza chini ya hapo, kwa mpaka ulio wazi kama pindo la fulana. Mla mijusi naye ana kichwa na kifua cha kijivu na milia tumboni, hivyo ukitazama tumbo peke yake utamwita gabari bila wasiwasi. Lakini koo lake ni jeupe, na katikati ya weupe huo unateremka mstari mmoja mweusi.

Mstari huo niliuona kwa karibu kuliko nilivyowahi kuuona mahali popote nyumbani kwa shangazi yangu Muheza, mwaka 2016, ndege alipotua kwenye nguzo ya umeme isiyozidi mita nane kutoka barazani. Alikuwa amesimama wima, kifua mbele, kichwa kikubwa kuliko nilivyotarajia kwa mwili ule, miguu mifupi ya rangi nyekundu iliyopauka, na ule mstari kooni ulikuwa umenyooka kama alama ya mkaa iliyochorwa kwa rula. Alikaa pale karibu dakika ishirini bila kufanya lolote zaidi ya kugeuza kichwa. Kisha akajiachia, akaangukia kwenye majani makavu chini ya mgomba, akainuka na mjusi ambaye mkia wake ulikuwa bado unapinda. Kule kukaa tu, bila haraka, mahali pa wazi, ni alama ya mla mijusi. Gabari na shikra hukaa mahali pa wazi pia, lakini mara nyingi utawakuta ndani zaidi ya mti, tayari kutoka kwa ghafla.

Kuna gabari mmoja ambaye sheria ya kiuno haimhusu, naye ni yule mweusi. Baadhi ya gabari huzaliwa weusi mwili mzima, na weusi huo hufunika hata kiuno. Mara ya kwanza nilipomwona nilimwandika kuwa ni yule kipanga mkubwa mweusi anayeishi kwenye mikaratusi ya mijini na kingo za misitu, ijapokuwa nilikuwa katikati ya nyika kavu yenye migunga mifupi ambapo ndege yule hana sababu ya kuwapo. Ngozi ya puani na miguu ndiyo inayomtambulisha: kwa kawaida wekundu wake hubaki pale pale, nao juu ya mwili mweusi huonekana hata bila darubini nzuri. Akiruka, chini ya mabawa na mkia utaona mapingili meupe na ya kijivu yakijitokeza. Naomba msomaji asimkimbilie ndege huyu kwa sababu ya uadimu wake. Mtazame kwanza kama unavyomtazama ndege mwingine yeyote, puani, miguuni, chini ya bawa, ndipo umpe jina.

Nikiwa kwa gabari bado, nieleze kiota chake, kwa sababu kinaweza kukuthibitishia kitu ambacho ndege mwenyewe alikunyima. Gabari huchukua utando wa buibui wale wanaoishi kwa makundi, pamoja na buibui wenyewe, na kuuweka kwenye kiota. Buibui huendelea na kazi yao ya kusuka, na baada ya muda kiota kizima hufunikwa na utando mweupe mchafu ulioshika majani na vijiti. Mwaka 2018 tulikikuta kimoja kwenye uma wa mgunga, kiasi cha mita sita juu, na mgeni mmoja alidhani ni mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Tulirudi nyuma kama mita sitini, tukazima gari, tukasubiri nusu saa. Jike alipoingia aliinamisha mwili mbele kabla ya kukaa, na kiuno kikang'aa. Nawasihi wenzangu wasikaribie viota kwa ajili ya picha. Ndege anayeondolewa kwenye mayai saa saba mchana katika joto la nyika anaweza kupoteza uzazi wake wote wa msimu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ndege wachanga, wale walioacha kiota lakini hawajavaa manyoya ya ukubwani. Hapa kijivu cha shikra na gabari hakipo: wote wawili ni wa hudhurungi mgongoni. Macho nayo hayasaidii, kwa kuwa shikra mchanga ana jicho la manjano, gabari mchanga ana jicho la manjano, na kipanga wa msituni, ambaye nitamfikia hapo chini, ana jicho la manjano akiwa mkubwa. Ile sentensi ya wekundu niliyoitaja hapo juu inakufa hapa, na mtu aliyeikariri bila kuelewa atapotea. Miguu na ngozi ya puani ya gabari mchanga haijawa myekundu bado. Lakini kiuno chake tayari ni cheupe. Ndiyo maana nasisitiza kiuno kwanza: kwa gabari wa kawaida alama hiyo iko tangu utotoni hadi uzeeni.

Kwa mchanga anayekutazama, shuka kooni. Shikra mchanga ana mstari mwembamba wa giza katikati ya koo jeupe, kisha kifua chenye michirizi na mabaka ya hudhurungi ambayo yanageuka kuwa milia kadiri unavyoshuka tumboni. Gabari mchanga hana mstari huo wa kooni. Kichwa na kifua chake vina michirizi ya hudhurungi iliyofifia kiasi cha kumfanya aonekane kama amepakwa rangi kwa brashi pana, na milia inaanza tumboni. Mstari wa shikra mchanga umewahi kuwafanya watu makini kabisa wamwite mla mijusi, kwa sababu wamekariri kwamba mstari kooni ni mla mijusi na hawakuendelea kutazama. Mla mijusi, hata akiwa mchanga, ana mgongo wa kijivu na ule mkanda mweupe mkiani, na shikra mchanga ana mgongo wa hudhurungi na mkia wenye mapingili kadhaa. Alama moja isikutosheleze. Tafuta mbili zinazokubaliana, na kama zinapingana, amini kwamba umekosea mojawapo na uanze upya.

Kipanga kibete, aliye mdogo kuliko wote hawa, nitampitia haraka kwa sababu ukimwona vizuri hatakusumbua. Ana ukubwa wa tetere au chini yake, hupendelea miti mirefu ya kando ya mito na bustani zenye miti mingi, jicho lake ni la manjano, ana mkanda mwembamba mweupe kiunoni, na akifungua mkia kwa juu unaona madoa mawili meupe juu ya weusi. Madoa hayo ndiyo ya kuyatafuta. Mchanga wake ana madoa yenye umbo la tone kifuani badala ya milia.

Kipanga wa msituni, Aerospiza tachiro (zamani Accipiter tachiro), ni mkubwa zaidi na hana weupe kiunoni, na ngozi yake ya puani ni ya kijivu, jambo linalomtenga na shikra mara moja ukifanikiwa kuliona. Wengi hawafanikiwi, kwa kuwa anaishi ndani ya msitu. Njia bora ya kumpata ni kuamka mapema. Nikiwa Amani, katika Usambara Mashariki, nimemsikia asubuhi nyingi kabla ya jua kupanda vizuri, akizunguka juu sana ya msitu na kutoa mlio mmoja mkali, "krit", akinyamaza sekunde mbili tatu, kisha akirudia, hivyo hivyo kwa dakika kadhaa. Ukisikia hivyo inua kichwa na utafute nukta angani. Pemba ina kipanga wake wa aina hii ambaye wanasayansi wamemhesabu kuwa nasaba ya pekee ya kisiwa kile, wakamwita pembaensis, na kwa mtu wa pwani ni jambo la kupendeza kujua kwamba jina la kisiwa linatembea na ndege huyo katika vitabu vya dunia nzima.

Baada ya wadogo, njoo kwa wakubwa wawili ambao wamenigharimu muda mwingi kuliko wote: vipanga waimbaji. Hawa wana urefu unaokaribia nusu mita, miguu mirefu, na hukaa wima kabisa kileleni mwa mti au juu ya nguzo, na wakati wa kuzaliana hupiga miluzi mirefu inayoshuka na kupanda, ndiyo asili ya jina lao. Wako wa mashariki, Melierax poliopterus, na yule mweusi zaidi, Melierax metabates. Wote ni wa kijivu, wote wana milia myembamba tumboni, wote wana miguu yenye wekundu.

Watu hupenda kuwatenganisha kwa ramani, na ramani kwa kweli inasaidia. Wa mashariki ni ndege wa nyika kavu: Samburu, Tsavo, Amboseli, Mkomazi, Tarangire. Mweusi utamkuta zaidi magharibi mwa Bonde la Ufa, kama Masai Mara, na pia katika miombo ya kusini, kama Ruaha. Lakini ramani ilichorwa kutokana na ndege walioonwa na kutambuliwa vizuri, na sisi tukianza kuwatambua ndege kwa ramani tutakuwa tunazunguka duara, tukiithibitisha ramani kwa ramani yenyewe. Ndege aliyevuka mpaka hatajulikana kamwe. Kwa hiyo hata Tarangire, ambako najua nani nitarajie, narudi kiunoni. Wa mashariki ana kiuno cheupe. Mweusi ana kiuno chenye milia myembamba ya kijivu, ambayo kwa mbali hufanya kiuno kionekane cha kijivu hafifu tu. Akiruka, nusu ya nyuma ya bawa la wa mashariki, kwa juu, ni nyeupe zaidi kuliko ya mwenzake.

Ngozi ya puani ya wa mashariki ni ya manjano na ya mweusi ina wekundu wa chungwa, lakini hapa nimewahi kudanganyika vibaya. Alfajiri moja, jua likiwa limechomoza tu, nilimtazama ndege juu ya mbuyu kwa zaidi ya dakika tano na nikaandika kwa uhakika kwamba ngozi yake ni ya chungwa-nyekundu. Saa moja baadaye alikuwa bado pale, jua limepanda, na ngozi ilikuwa ya manjano wazi. Mwanga wa alfajiri hubadili manjano kuwa chungwa na chungwa kuwa nyekundu. Tangu siku ile, rangi yoyote kati ya hizo tatu niliyoiona kabla ya saa moja na nusu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili kasoro jioni naiandika na saa yake pembeni.

Jambo jingine la kukusaidia ni majirani wa ndege. Mlamba hamvumilii kipanga. Ukimwona mlamba akishuka kwa kasi na kupanda tena juu ya mti mmoja, au ukisikia shore wakipiga kelele za mfululizo ndani ya kichaka, simama, kwa sababu mara nyingi aliye ndani ni kipanga. Kusanyiko la mnana wanaolia kwa hofu kwenye mti wa viota limenipatia gabari zaidi ya mara moja, maana gabari huvamia viota hivyo na kuvirarua ili apate makinda. Na jifunze sauti: shikra hutoa mlio mkali wa sehemu mbili, "kii-wik, kii-wik", gabari hulia "kik-kik-kik" nyembamba na ya haraka, mla mijusi hupiga mluzi wa "kliuu" kisha "klu-klu-klu" kwa utulivu, na mluzi huo husafiri mbali sana katika minazi asubuhi.

Kuhusu daftari, nimebadili namna ya kuandika. Zamani nilianza na jina. Sasa jina ni la mwisho, na ukurasa wangu unaanza hivi: kiuno, mkia, pua, miguu, jicho, koo, kifua, alikaaje, aliruka vipi, mwanga, saa. Ambacho sikukiona nakiwekea mstari mfupi, sikijazi kwa kukumbuka picha ya kitabuni. Kama mistari mifupi ni mingi kuliko maelezo, naandika "kipanga asiyetambuliwa", na kurasa zangu za kila mwaka zina wengi wa namna hiyo. Wapo wageni wanaosikitika nikiwaambia sijui. Ni afadhali wasikitike, kwa sababu kumbukumbu hizi zinatumwa kwenye ramani za ndege na watu wanazitumia kusema ndege gani wanapungua na wapi, na gabari wangu kumi na saba wa uongo wangekaa humo wakidanganya watu nisiowajua kwa miaka mingi.

Kwa anayeanza, nashauri asikimbilie hifadhi. Mchague mmoja aliye karibu na nyumbani, shikra wa shuleni au mla mijusi wa shambani, na mtazame kila siku kwa mwezi mmoja, kwa mwanga wa kila saa. Mchore, hata kama huwezi kuchora. Darubini yenye ukuzaji wa mara 8 inatosha, na ya mara 8 iliyotulia mkononi ni bora kuliko ya mara 12 inayotetemeka.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niling'ang'anie jambo hili, na inatoka kwenye ua ule ule wa shangazi yangu. Siku nilipofika nyumbani mwaka ule, mla mijusi wa kwenye nguzo alikuwa ameshatupiwa mawe mara kadhaa, kwa sababu vifaranga vilikuwa vikipotea na yeye ndiye aliyekuwa akionekana amekaa pale. Niliketi na shangazi barazani siku mbili. Siku ya pili, saa tano asubuhi, mwewe mwenye mkia wa panda alishuka juu ya kisima, akapita katikati ya ua bila kutua, akaondoka na kifaranga, na mla mijusi hakugeuza hata kichwa. Shangazi alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe tumekuwa tukimpiga asiyehusika." Nilimpa darubini, nikamwonyesha koo, kisha ndege alipojiachia kwenda kutua mnazini nikamwonyesha kiuno na mkanda wa mkia.

Mwezi uliopita alinipigia simu asubuhi. Hakuniambia kwamba kuna mwewe. Aliniambia, "Mwanangu, kuna mwingine leo kwenye mwembe. Nyuma si mweupe, mkia hauna mkanda, macho mekundu kama pilipili, na miguu ya manjano." Nilikuwa Arusha, mamia ya kilomita kutoka kwenye mwembe ule, nikamwandika shikra huyo katika daftari langu.